Alama Kumi na Tisa za Agar

Benchi letu liko Kimemi, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu: ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Mama Providence anatuuzia kahawa ya termosi, na wanaokaa hapo kila asubuhi ni wale wale. Kuna Kilo, ambaye jina lake ni Zorobabel lakini anapima kahawa kwenye depo. Kuna Prefe, yaani Delphin, aliyesimamia shule hadi alipostaafu na mpaka leo anatusahihisha. Na kuna Papa Syauswa, mtu wa maneno machache. Mwaka jana Syauswa na mkewe walimpokea Agar, msichana wa miaka tisa aliyekimbia vita upande wa Kamango akafika huku mjini bila mzazi. Watu wa biro inayofuatilia watoto wa namna hiyo humtuma Mama Rébecca kila mwezi, na fomu ya maswali ishirini. Jumanne ile ya likizo Syauswa alikuja na nakala ya fomu mfukoni.

— Tuambie, Papa, Kilo alisema. Minasikia umepita.

— Kumi na tisa kwa makumi mbili, Syauswa alijibu.

— Na ile moja imepotelea wapi?

— Choo. Haiko na mulango.

— Donc, dossier, ile faili yake, inafungwa, Prefe alisema. Bale bote banapitisha kumi na nane, banafungiwa.

— Vendredi, Ijumaa hii, anapita mara ya mwisho. Kiisha pale, Mama Rébecca harudiake tena.

Tulimpongeza. Yeye aliikunja fomu, akairudisha mfukoni bila kutabasamu.

Mimi nilijua sababu moja ya kutotabasamu. Swali la saba linauliza mtoto analala juu ya nini, na jibu lililoandikwa ni: godoro jipya. Godoro hilo ni langu. Nililinunua kwa ajili ya harusi ya binti yangu, na bado limevaa plastiki yake. Siku ya ziara linaanzia kwa Virginie, jirani anayelea watoto kama Agar. Mama Rébecca akiwa bado anakunywa chai pale, godoro linapitishwa nyuma ya nyumba kwenda kwa dada yake Kilo, halafu linamalizia kwa Syauswa. Nyumba tatu, watoto watano, godoro moja, na kila mahali limeandikwa jipya. Mwezi wa kwanza tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo naona haya kulisema.

— Mais ile fomu yenyewe iko mubaya, Prefe alianza. Mutoto, bamupime ku bulletin ya masomo. Akipata asilimia makumi sita, anaishi muzuri. Basi.

— Hapana, Prefe, Kilo alidakia. Uzito njo haidanganyake. Bamupandishe ku balance, ile mizani, siku anafika, bamupandishe tena kiisha mwezi. Kama ameongeza, famille iko muzuri.

— Mbuzi pia inaongezaka, Mama Providence alisema huku akimimina. Inaongezaka mbele ya Noël, bapate kuichinja.

Prefe akacheka hadi kahawa ikamwagika. Mimi nikasema bora watazame viatu. Soli ikiisha upande wa kisigino, huyo mtoto anabebeshwa maji mengi kuliko wenzake. Fundi wa viatu haambiwi.

— Viatu bataazima, kama vile baliazima godoro, Kilo alisema, akinitazama. Balance tuiweke chini ya kitanda. Ijisomee yenyewe kila siku, itume message ku biro.

— Na huzuni, balance itaionea wapi? Prefe aliuliza. Hôpital iko na mashine yenye inaangaliaka ndani ya kifua. Bamupitishe kule. Kama roho inauma, itatokea ku picha, karibu na mapafu.

Syauswa aligusa mfuko wenye fomu.

— Anakulaka, alisema taratibu. Anaenda masomo. Ukimutuma, anaenda. Hajanisumbua hata siku moja.

— Njo mutoto muzuri sasa, Prefe alisema.

— Ndiyo, Papa Prefe. Hata siku moja.

Mama mmoja alikuwa ametua beseni lake la samaki wa chumvi akaomba kahawa. Hatukumjua. Alishika kikombe bila kunywa.

— Bapapa, musamehe. Munasema Agar? Wa Kamango? Mwenye kovu ku kidevu?

Syauswa akageuka.

— Njo yeye. Mama, uko nani wake?

— Jirani tu. Anne-Marie. Tulikuwa tunakaa lupango moja, uwanja moja, na mama yake. Vita ikatupoteza ku njia, kila mutu na njia yake. Mama yake, mpaka leo sina habari.

Alijipangusa macho kwa pindo la kitenge.

— Mungu asifiwe, mutoto iko. Ule, alitusumbua sana. Akiosha sahani, anaimba. Akichota maji, anaimba. Mama yake anamufokea, yeye anaongeza sauti. Alicheka kidogo. Saa hii anaimbaka nini?

Syauswa alitoa fomu, akaikunjua juu ya goti, akapitisha kidole toka swali la kwanza hadi la ishirini. Kisha akaigeuza. Nyuma hakukuandikwa kitu.

— Miezi kumi na moja, alisema. Sijamusikia.

Mama Providence aliinamisha termosi, yakatoka machicha. Kikombe cha Anne-Marie kilikuwa cha mwisho.

— Kunywa kwanza, Mama, Syauswa alimwambia. Kiisha tuende wote kwangu.

Halafu akanigeukia mimi.

— Godoro yako, ibebe leo. Vendredi Mama Rébecca akute mukeka.

— Papa, utapoteza pointi, utabaki na kumi na nane tu, Kilo alisema. Habatafunga dossier.

— Basifunge. Barudie.

Nilitangulia kwa Syauswa. Agar alikuwa uani, ameinama juu ya beseni la vyombo. Alinisalimia vizuri, kwa heshima, akanionyesha godoro lilipoegeshwa ukutani, kisha akarudi kuosha. Plastiki ilikuwa haijatoboka popote. Nilisimama pale, godoro kichwani, nikangoja kwa muda mrefu, na nilichosikia ni sahani tu.