Karatasi ya Mama Berthe

Ndugu waombolezaji, ninyi mliokuja kulia nasi na ninyi mliokuja kuonekana, sikilizeni maisha ya mama yetu Kyakimwa Berthe.

Alizaliwa Alimbongo tarehe 9 Machi 1971, binti wa wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha uuguzi Butembo, akapata diploma tarehe 2 Julai 1992, na mwaka uleule akaanza kazi ya maternité, wodi ya wazazi, katika hospitali ambayo leo imetuletea shada kubwa la maua.

Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa na Maliro Delphin, fundi wa mbao wa Mususa, wakazaa watoto wanne, na wa kwanza, Ésaïe, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1996, alitapika kijani, tumbo likavimba, naye Mama, muuguzi mwenye diploma, akamnywesha maji ya sukari kwa mkono wake, kama tulivyozoea wote, mtoto akapaliwa, akafa siku ya tatu kabla ya kumfikia mpasuaji wa Beni.

Hakujisamehe. Aliandika karatasi, akaipigilia misumari ukutani mwa maternité: «Mutoto mwenye kutapika kijani, hapana kumupa kitu kwa kinywa, mumutie joto kifuani, mumupeleke kwa mupasuaji leo, hapana kesho.» Kwa karatasi hiyo watoto kumi na tisa walifika Beni wakiwa hai, wengine kifuani mwake juu ya pikipiki, katika barabara ambayo wakubwa hawaipiti bila wanajeshi, na kumi na wanne wamekua, baadhi yao wamesimama hapa.

Tarehe 3 Februari 2025 mkurugenzi wa hospitali, yule wa kravati nyeusi shingoni, kiti cha mbele, aliing'oa, eti wageni wanakuja na rangi ya ukuta ni mpya, Mama akaiokota kwenye takataka, akadai irudishwe, akajibiwa kwamba amezeeka, akapumzike. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja, na watoto wawili waliotapika kijani wakanyweshwa, wakazikwa.

Aliugua figo kuanzia Juni, akafariki tarehe 18 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akituuliza: «Karatasi yangu, balisharudisha?»

Tunawashukuru madaktari waliomtunza, majirani walioleta kuni na unga, wauguzi wenzake waliolia bila kuogopa kufukuzwa kazi. Mkurugenzi hatumshukuru, na shada lake alichukue.

Msafara utapitia kwanza maternité, karatasi iko juu ya jeneza, Baba Delphin ameshika nyundo, na jeneza halitashuka kaburini kabla karatasi haijarudi ukutani. Hapo, Mama, ndipo upumzike kwa amani.