Papa Ignace Kyomba, Aliyengoja Mpwa Wake Atajwe

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, alizaliwa tarehe 11 Machi 1968 huko Kirungu, juu ya Moba, katika mkoa ambao leo unaitwa Tanganyika. Baba yake alikuwa marehemu Donatien Kalunga, seremala wa misheni, na mama yake marehemu Félicité Mwanse. Katika watoto wao, waliofikia utu uzima ni wawili tu: yeye na dada yake mdogo, Odette. Jina la Kyomba hakuzaliwa nalo. Alilipokea akiwa kijana, baada ya mjomba wake kufariki. Kwa majirani wasioijua desturi ya ukoo wetu: mtoto ni wa upande wa mama, na mtu akifa, jina lake na nafasi yake hupewa mtoto wa dada yake. Mrithi huketishwa mbele ya watu, huvishwa kitu cha marehemu, na tangu siku hiyo huitwa kwa jina lile. Papa Ignace alivishwa mkanda wa mjomba wake. Ulimpwaya sana, akashikilia suruali kwa mkono mpaka sherehe ikaisha. Alipenda kusema kwamba ndiyo sababu alijifunza kushona.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Kirungu, kisha akapelekwa Kalemie kwa masomo ya ushonaji, akapata cheti chake mwaka 1987. Hakuwa mwanafunzi hodari wa kitabu na hakulificha hilo. Mwalimu mmoja alimwandikia kwenye ripoti kwamba anaongea kuliko anavyosikiliza. Ripoti hiyo aliitunza, akawasomea watoto kila walipoleta zao.

Kazi aliianzia Kalemie na kuiendeleza Lubumbashi tangu mwaka 1990. Vita vilimtoa huko. Mwaka 2001 alivuka kwenda Zambia, na mwezi Mei 2003 akaingia Johannesburg, akapanga chumba Bellevue katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao, ambapo cherehani yake ilisikika kwa wapangaji wote na hakuna aliyemlalamikia ila siku za Jumapili. Mwaka 2009 alihamia Rosettenville na kufungua duka lake la ushonaji jirani na Mreno anayeuza kuku wa kuchoma. Wengi mliosimama hapa mmevaa mkono wake. Sare za kwaya ni zake. Suruali za klabu ya besiboli ya upande wa kusini nazo alizishona yeye, maana vijana wale hujitupa chini ili wawahi kituo, na magoti hayadumu. Papa Ignace aliwaonea huruma, akawa anatia vitambaa viwili magotini bila kuombwa.

Tarehe 17 Agosti 1996, huko Lubumbashi, alifunga ndoa na Mama Jeannine Ilunga. Siku ya mahari, mjomba aliyepaswa kumsemea alikuwa ameshafariki, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amevaa jina lake. Akataka kujisemea. Wakwe wakamrudisha nje, wakamwambia atafute mkubwa, kwa sababu mtu haombwi wala hatolewi bila wakubwa wawili kutazamana machoni. Alikaa nje akisubiri mpaka akapatikana mzee wa kuazima. Mama Jeannine, ndani, alikuwa ameshachoka kucheka. Lakini neno lile la wakwe lilimwingia, na ndilo alilolishika mpaka mwisho.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Sagesse na Gaël. Na mwaka 2010, Odette alipofariki hapa Johannesburg, Papa Ignace aliwachukua watoto wake wawili: Murielle, anayewasomea maneno haya, na Gradi, aliyekuwa na miaka mitano. Hakuwahi kuwatenganisha na wake. Kila Krismasi aliwasimamisha wote wanne mlangoni na kuwapima kwa utepe wake, ule wa njano aliouvaa shingoni kila siku, hata kanisani kwa kusahau.

Gradi alikuwa akienda naye kupeleka suruali uwanjani. Akaanza kurusha mpira, na mkono wake ukaonekana. Mwezi Septemba 2022, Gradi akiwa na miaka kumi na saba, Bwana Deon wa Kempton Park, anayezitafutia timu za Marekani vijana wa huku, alikuja nyumbani na karatasi za kutia saini. Alidhani atakaa dakika chache. Alikuta sebule imepangwa, Mama Jeannine amepika, na Papa Alexis, rafiki mkubwa wa marehemu, ameketi kiti cha msemaji akiwa na koti.

Papa Alexis akaanza kama inavyopaswa kwenye posa: "Mgeni, umepotea njia, ao umeona ua ndani ya nyumba hii?"

Gaël ndiye aliyetafsiri. "Anasema hajapotea, Papa. Simu ilimuonyesha njia."

"Muulize tena."

"Eish, Papa Alexis, nimemuuliza. Anasema amekuja kwa ajili ya Gradi."

"Basi ameona ua," Papa Ignace akasema. "Endelea."

Akamsifu mpwa wake kwa mgeni. Kwamba anaosha vyombo bila kutumwa. Kwamba hajawahi kupigana shuleni, na anaogopa Mungu. Bwana Deon alisikiliza kwa adabu. Yeye alikuwa ameshampima Gradi uwanjani kwa kile kifaa kinachofanana na bastola, kinachosoma kasi ya mpira, na alikuwa amempa alama za mkono, za miguu, na za vile atakavyokuwa akikomaa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomsumbua. Akamwomba Papa Ignace asimame.

"Anataka nini huyu?"

"Anataka kuona urefu wako na mabega. Anasema mtoto hufuata mwili wa ukoo, na timu hununua vile atakavyokuwa kesho."

Papa Ignace hakukasirika. Alivua koti, akasimama, akageuka polepole. "Ni sawa," akasema. "Hata sisi huuliza ukoo kwanza. Mwambie mjomba wangu alinipita kwa kichwa kizima. Mkanda wake ulinizunguka mara mbili."

Kabla ya kutia saini alidai neno moja tu. "Akishindwa, msimwache njiani. Na akihama nyumba, hao wapya waje wajitambulishe kwangu." Bwana Deon alimpa mkono na kuahidi kwamba atapiga simu yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri, na aliamini alichosema.

Gradi alipokwisha kusafiri kwenda kambi ya timu huko Marekani, Papa Ignace alijifunza mambo ya vijana wa besiboli kama mkwe anavyojifunza mambo ya upande wa pili. Dukani aliwaeleza wateja waliokuja kupunguziwa pindo kwamba kule Marekani vijana wa kwao hugawanywa kwa zamu kila mwaka, na timu iliyovuta mkia hupewa nafasi ya kuchagua mapema, ingawa siku hizi huanza kwa kura. "Wa mwisho watakuwa wa kwanza," alisema, "imeandikwa." Lakini kijana wa nje kama Gradi hapangwi kwenye zamu hiyo. Anachukuliwa na yeyote anayefika na kalamu. Na akishasaini, kwa miaka mingi hana neno. Anaweza kupandishwa ngazi, kushushwa, kuachwa, au kubadilishwa na mtu mwingine, kwa simu moja.

Mwezi Februari 2025 ilitokea hiyo ya mwisho. Timu ya Gradi ilimtaka mchezaji mzoefu wa timu nyingine. Ikatoa kijana mmoja kwa jina, pamoja na mtu wa pili ambaye tangazo lilimwita "mchezaji atakayetajwa baadaye". Wana muda wa hadi miezi sita kumtaja. Kocha wa Gradi akaanza kumrushisha kidogo kidogo ili asiumie, na watu wageni wakawa wanakuja na vifaa vyao kumtazama yeye peke yake. Hakuna aliyemwambia kitu, na kila mtu kambini alijua kwamba ni yeye.

Papa Ignace alimpigia Bwana Deon. Bwana Deon hakuwa tena mtu wa timu hiyo. Alisema kwa masikitiko kwamba naye anasoma habari mtandaoni kama sisi. Papa Ignace akarudi kwa mkewe. "Jeannine, wamemtoa mtoto nyumbani bila kusema anakwenda kwa nani. Na jina analo. Nani asiyelijua jina lake?"

Mama Jeannine akamwambia, "Papa Sagesse, kunywa dawa yako."

Kwa maana wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa. Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka 2014, na presha. Mwezi Machi mwaka huu miguu ilivimba, na hospitali ikagundua kwamba figo zimechoka. Mashine za kusafisha damu ni chache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo madaktari huketi pamoja na kuchagua. Walimpima moyo, macho, umri, wakaangalia na karatasi zake za ukimbizi. Walimtendea kwa upole. Papa Ignace alimuuliza daktari kijana aliyemletea jibu kwamba hakuchaguliwa: "Na hapa, anayevuta mkia hachagui mapema?" Daktari hakuelewa, na familia haikuweza kumwelezea. Walirudi nyumbani kwa teksi, na njiani, kwenye roboti ya Turffontein, zile taa za barabarani, alisema tu kwamba sasa anaijua kazi ya Gradi.

Tangu hapo alikuwa na ombi moja. Alitaka Gradi aje, aketi, avishwe utepe wa njano akiwa yeye mwenyewe bado anaona. Ilikuwa ni kutangulia mbele ya desturi, lakini Papa Alexis alikubali. Sote tulidhani ni jambo la wiki mbili. Gradi aliomba ruhusa. Viza yake iko mikononi mwa timu, na akitoka bila barua yao hatarudi. Tarehe 8 Juni alipiga simu, na Papa Ignace akaomba iwekwe kwa sauti ili wote wasikie.

"Mjomba, wa hapa wanasema nisubiri, karibuni sitakuwa wa kwao tena, niwaulize wa kule. Wa kule wanasema hawanijui bado."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko tu, Mjomba."

"Unakula?"

"Ninakula."

"Mkono?"

"Mkono uko sawa. Wananirushisha kidogo."

"Basi niache nije hivyo hivyo," Gradi akasema baadaye, maana alikuwa radhi kuja bila barua na kupoteza kila kitu. Papa Ignace alikataa. Alimwambia ukoo haukumtoa ili aje kushika cherehani. Halafu, simu ilipokatika, alilia. Gaël aliandika kwa timu zote mbili kwa Kiingereza chake kizuri. Timu moja ilijibu kwa kumtakia mzee afya njema.

Wiki za mwisho alilala zaidi ya kuamka. Kila alipofungua macho aliuliza, "Wamemtaja?" Tukajibu, "Bado, Mjomba." Mama Jeannine alishauri adanganywe, apumzike. Lakini alikuwa amewalea watoto wasiomdanganya, na yeyote aliyejaribu alishindwa kumaliza sentensi. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 24 Julai 2025, aliomba utepe uletwe, akaushika. Hakuuliza tena. Alifariki akiwa nyumbani kwake Rosettenville, mkewe akiwa amemshika miguu, ile miguu iliyovimba tangu Machi.

Jumatatu iliyopita wakubwa waliketi kuhusu jina. Gradi aliomba avishwe kwa video: simu iwekwe kitini, utepe uwekwe juu yake. Wengine waliona inafaa, kwa kuwa nyakati zimebadilika. Papa Alexis akasema, "Ningependa. Lakini simu haina shingo." Wakakubaliana kwamba utepe ukae kwa Mama Jeannine, haujakunjwa, na mtu yeyote asiitwe Kyomba mpaka mwenyewe afike. Ni lini, hatujui. Muda waliojipa wale wa kule haujaisha. Tunajua tu kwamba ukoo huu sasa nao una mtu wa kutajwa baadaye, na kwamba Papa Ignace angeona aibu kwa hilo.

Kwa hiyo hatutangoja. Marehemu ameacha mjane, Mama Jeannine Ilunga. Watoto wawili, Sagesse na Gaël. Na mpwa wake Murielle. Ameacha pia mpwa mwingine, mtoto wa dada yake Odette, aliyezaliwa Johannesburg tarehe 2 Februari 2005, mrushaji wa mkono wa kulia, anayetutazama saa hii kupitia simu aliyoshika Gaël, huko aliko bado ni alfajiri. Jina lake ni Gradi Kalunga. Ndugu, tunaomba mlitamke pamoja nasi, kwa sauti ya kumfikia mzee: Gradi Kalunga.

Mjomba, ametajwa. Lala sasa, kwa amani ya Bwana.