Bibi Kalunde Alinipigia Magoti

Asifiwe Bwana aliyenisimamisha hapa leo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, mmekula nyinyi! Mimi Rebeka wa hapa Kigwa mnanijua kwa mdomo. Leo mdomo huu una kazi nyingine.

Mwaka jana nilipata mimba, ya kwanza, baada ya miaka sita ya kutazamwa tumbo. Mume wangu alikuwa msituni kwenye kambi ya asali, nami nalima karanga zangu huku naimba. Mtoto alikuwa anacheza huyo! Akipiga teke, jembe linanitoka. Mimba ilipofika mwezi wa nane akaanza kupunguza kucheza. Nikamwendea Bibi Kalunde, mkunga wetu, aliyewapokea nusu ya nyinyi mliokaa humu. Akanipapasa, akacheka: "Mtoto mpole huyu, mwanangu. Anapumzika, ana safari."

Jamani, nilifurahi! Nikazunguka kijiji kizima najisifu kwamba mwanangu ana adabu tangu tumboni. Miguu imevimba, ukiibonyeza panabaki shimo, kichwa kinagonga, na mimi najisifu tu!

Mtoto alizaliwa kimya. Wa kike, nywele tele. Wanawake wakamzika asubuhi, wakaniambia mtoto ambaye hakulia hakaliwi matanga, ninyamaze nisije nikafunga kizazi. Nikanyamaza. Lakini moyoni nauliza: dresa wa dispensari angejua? Treni inapita hapa hapa, kwa nini sikupanda kwenda hospitali Tabora? Nilikuwa namsifu mwanangu naye anakufa! Chakula hakipiti. Kanisani nikaacha kuja. Bibi Kalunde nikamchukia kabisa. Nikimwona njiani nakatiza shambani nisimwamkie.

Sasa sikieni, ndugu zangu. Siku moja mchana naanika karanga uani, bibi huyo akaingia. Nikampa mgongo. Mnajua kwetu mdogo ndiye anayepiga magoti kumwamkia mkubwa. Nikasikia magoti yake yanagusa chini nyuma yangu! Mwanamke wa rika la bibi yangu mzaa mama!

"Rebeka," akasema, "nimekwenda kumuuliza dresa. Kasema mtoto akipunguza kucheza si upole huo, anaomba msaada. Na miguu kuvimba vile pia ni dalili ya hatari. Sikujua, mwanangu, nikakujibu kama ninayejua. Neno lile ni langu, usilibebe wewe."

Nikapiga yowe. Nikamvuta ainuke, akakataa mpaka nimlilie mwanangu kwa sauti. Tukalia wawili, majirani wakajaa uani, na mbele yao nikampa mtoto jina lake, Neema. Siku ile Bwana alinifungua!

Dresa angemwokoa? Nilimuuliza mwenyewe. Kasema hajui. Swali hilo ninalo mpaka leo, lakini halinizuii tena kuja kanisani.

Na bibi huyu je! Angenyamaza, nani angemuuliza? Badala yake anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, kila mwenye mimba anamuuliza mtoto kacheza lini, na akijibiwa "mpole" anafoka mpaka kuku wanakimbia. Mwezi uliopita kamsukumia mke wa jirani yangu ndani ya treni ya Tabora, kanga haijafungwa vizuri! Mimi mwanamke jasiri kama huyu sijamwona. Bibi, usiiname, waache wakutazame.

Najua wengine mlingoja nisimame hapa na mtoto mgongoni ndipo mseme amina. Sina. Mgongo mtupu, na bado namshukuru Mungu, maana nilikuwa nimezikwa pamoja na mwanangu naye akanitoa. Dada yangu uliyezika ukaambiwa unyamaze, mtegemee Bwana huyu, hachoki kusikia kilio. Ibada ikiisha usikimbilie nyumbani. Njoo tukae na Bibi Kalunde kwenye benchi la mbele, utuambie mwanao alifanana na nani.