Kivuli cha Herufi za Bi Zuleikha

Mwaka ule wa themanini na sita, baraza yetu ya Shela, Malindi, ilitazamana na mlango wa Bi Zuleikha, mjane aliyeuza cherehani yake ili afungue hoteli ya chakula. Mimi nilikuwa nikiuza kahawa pale. Bi Zuleikha alimwita Dzombo, mchora vibao, naye akamwandikia ZULEIKHA HOTELI juu ya mlango kwa herufi nono kama mito ya kitanda, rangi ya chungwa, kila moja na kivuli cheusi ubavuni, hata ukadhani zimetokeza ukutani. Tangu siku hiyo barazani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Mahdi, tuliyemwita Kadhi kwa kupenda kuhukumu, alishikilia kuwa Dzombo amekosea. Mlango ule haupigwi na jua, kivuli kitoke wapi? Fondo, aliyewahi kupika melini miaka miwili tukamwita Kapteni, alisema herufi zile ni mbao zimegongomewa. Wakabishana mpaka Fondo akapanda kiti kuzipapasa, akarudi na vidole vya rangi ya chungwa. Hilo halikumnyamazisha.

— Basi kivuli kinahama, akasema. Jana kilikuwa kifupi.

— Kikihama tutajulia wakati wa alasiri, Mahdi akajibu. Wahenga wamesema, kivuli cha mvumo hufunika walio mbali.

— Methali hiyo haihusu hoteli.

— Kwani mvumo si mti, hauna kivuli?

Wiki ya tatu Mahdi alihukumu kuwa kivuli ni cha kutishia wezi. Bi Zuleikha alikuwa akisimama mlangoni, akitutazama tunavyonyosha vidole, kisha anarudi ndani. Mimi alikwisha kuniambia kwamba mwezi ukiisha hivi, bila wateja, atafunga, arudi kwa kaka yake kule Sabaki. Sikuwaambia wenzangu. Wakihamia kwake, kahawa nitammiminia nani?

Jumatano asubuhi akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Marafa, jina lake Kadii. Alikuwa amemleta bintiye hospitali, na hakuwa amekula tangu jana yake. Tukamwamkia shikamoo, nikampa kikombe, naye Mahdi akamweleza habari yote ya kivuli. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na chakula chake kikoje, wanangu?

Mahdi akamtazama Fondo. Fondo akanitazama mimi. Wiki tatu, na hapana hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia ndani kula.

Kadii akashukuru kahawa, akaenda zake kule mlangoni. Niliona haya, nikamfuata, na wale wawili wakaja nyuma yangu.

Bi Zuleikha alipotuona sote, alifuta mikono kwenye leso.

— Nilidhani mnanicheka, akasema.

Mahdi alimwomba radhi kwa sauti ya chini, akavuta benchi kando ya Kadii aliyekwisha kuanza kula, akaagiza mbaazi za nazi na mahamri. Alipomaliza akaagiza tena, na Fondo hivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri sufuria ilikuwa tupu, naye Bi Zuleikha akajitanda leso yake, akatoka kwenda sokoni kununua nazi nyingine, akituacha tumlindie hoteli.