Mtama Unaotaka Giza

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo, wakuu wa idara, watafiti na mafundi wa maabara, shemeji zangu na majirani, hamjambo.

Mmekuja kuniaga na kumkumbuka marehemu mume wangu, mtafiti mwenzenu, nami nashukuru. Lakini nimesimama hapa roho juu, kwa sababu nimesikia Jumatatu trekta litaingia kwenye kishamba chake cha majaribio, nyuma ya nyumba hii ya kituo. Inasemekana mbegu yake imeshindwa, mtama umegoma kuchanua.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Habari za homoni nilizisikia mezani. Mume wangu alisema jani ndilo linalohisi kwamba usiku umekuwa mrefu. Likishahisi, linatengeneza homoni na kuipeleka hadi kwenye ncha ya shina, na ncha inaacha kutoa majani, inaanza kufanya suke. Giza likikatizwa na mwanga, jani halipeleki kitu. Ndiyo maana kila jioni aliniambia, "Mama, zima taa ya uani, mtama unataka kulala." Namjibu, "Kwani ulimwoa nani, mimi au mtama?" "Mtama haunijibu," anasema, anacheka peke yake.

Sasa niwaulize, ndugu zangu: alipofariki, ni nani waliotundika ile taa kubwa uani? Si ninyi, mliokuja kukaa nami? Iliwaka usiku kucha, wiki baada ya wiki, maana hakuna aliyetaka nibaki gizani. Ilikuwa huruma tupu, na mtama nao ukaipata. Katazameni: mistari iliyokingwa na ghala imeshachanua, iliyo karibu na taa ndiyo bado majani matupu.

Taa nimeizima. Juzi fundi wa maabara alipasua shina moja, akachungulia kwa lenzi kama suke limeanza. "Shangazi, sijaona kitu," akasema, "lakini bado mapema." Tangu hapo silali vizuri. Naamka kuangalia kama kuna mtu ameiwasha.

Mheshimiwa, naomba trekta lisubiri kidogo. Mtama ukipata giza lake na bado ukagoma, limeni, sitasema neno.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Kesho nahama, sitakuwepo. Basi yeyote atakayefunga ofisi jioni, apitie uani, na akikuta ile taa inawaka, aizime. Atakuwa amemkumbuka mume wangu, na mimi kidogo.