Mgawo wa Mofini

Pale Tandika, mbele ya lililokuwa duka la kaya enzi za mgawo na sasa ni kibanda cha kukodisha kanda za video, pana benchi refu lisilo na mwenyewe, ila kila mtu ana sehemu yake. Ukikaa pa mwenzio hufukuzwi. Unatazamwa tu mpaka unainuka kwa hiari yako. Mzee Mwishehe hutua birika lake la kahawa baada ya swala ya alasiri, na tangu hapo mpaka adhana ya magharibi nchi hii hutawaliwa upya: mawaziri wanafukuzwa, vikosi vya mpira vinapangwa, na hakuna anayedai posho. Mwaka ule wa tisini na sita, mwezi wa kumi, wasiokosa walikuwa wanne. Thuwaini, mwenye duka la nafaka, aliitwa Hakimu, kwa sababu alihukumu hata kesi ambazo hazijafunguliwa. Suleiman wa mitumba alikuwa Ruksa. Kwake yeye, tangu biashara ifunguliwe, hapakuwa na kitu duniani kinachostahili kuzuiwa. Didas, fundi kutoka Kilimanjaro, alikuwa Redio, na methali zake zilikuwa kama vipuri vyake: anafunga alichonacho, redio ilie isilie. Wa nne alikuwa Mbwana, ambaye walimwita Kizibo kwa kazi yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifunga vizibo vya chupa kwenye kiwanda cha dawa huko Chang'ombe.

Siku hiyo Kizibo alikuja na jambo tumboni, na hakutaka kulisema. Mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa na saratani ya titi, mwaka wa pili sasa. Asubuhi Kizibo alikwenda hospitali na chupa tupu ya mofini, ile dawa ya maji ya maumivu makali, na alirudi nayo tupu vilevile. Sista Genoveva wa wodini alimwambia dawa ya mwaka huu imekwisha, arudi Januari. Akampa panadol kwenye kibahasha, na hakumtazama usoni wakati akimpa. Mama yake usiku uliopita alikuwa ameuma upindo wa kanga mpaka ukatoboka.

Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba chupa zile alikuwa akizifunga yeye. Unga wa mofini ulikaa kwenye kabati la funguo mbili, mmoja wa mfamasia na mmoja wa bwana wa serikali, na kabati halifunguki mpaka wawepo wote wawili na mizani. Mwaka wa tisini na moja Kizibo alivunja chupa moja, na watu watatu wakaweka sahihi kwa ajili ya dimbwi lililomwagika sakafuni. Mlangoni pa chumba cha kuchanganyia palibandikwa karatasi yenye kiasi cha mwaka mzima. Kiasi kikitimia, mashine inaoshwa na mlango unatiwa lakiri. Mwaka ule wa tisini na sita ulitiwa lakiri mwezi wa tisa.

Ruksa ndiye aliyeanza. Alikuwa amesikia kwamba vibarua wa kiwandani wamerudishwa nyumbani.

— Braza Kizibo, eti mmefunga?

— Chumba kimoja tu. Cha dawa ya maumivu. Kiasi cha mwaka kimetimia.

— Kimetimia vipi na watu bado wanaumwa?

Kizibo alinyanyua kikombe akanywa. Hilo lilitosha kuwapa wenzake ruhusa, maana benchi lile halikupenda kuona swali limekaa bila jibu hata dakika moja.

Ruksa alisema mambo yako wazi. Kiwanda kiko mbioni kuuzwa kwa mtu binafsi, na mtu huyo ameshaagiza dawa ifichwe mpaka bei ipande, kama walivyofichaga sabuni na khanga miaka ile ya magendo. Dawa ni bidhaa kama suruali ya mtumba. Kila mwenye sufuria aachiwe apike, mnunuzi ndiye ataamua. Kizuri chajiuza, alisema, na mgonjwa hahitaji kubembelezwa.

— Upike mofini kwenye sufuria? Hakimu aliuliza. Wewe hata wali unakuunguliaga.

Ruksa hakujali, akapanda ngazi ya pili. Alisema ni masharti ya wakopeshaji wa Ulaya. Walianza kwa kutukaza mkanda, wakapunguza wafanyakazi, wakaleta ada za shule na hospitali, na sasa wamefika kwenye maumivu yenyewe. Na ule unga unaobaki haupotei bure. Unapelekwa Sinza, unatiwa kwenye bia kidogokidogo, ndiyo maana mtu akiingia baa za kule Ijumaa anatoka Jumatatu na hajui viatu vyake viko wapi. Kizibo alicheka pamoja na wengine, kwa kuwa asiyecheka huulizwa ana nini.

Hakimu hakucheka. Aligeuza kikombe mkononi, akasema wenzake wanaongea kama watoto. Dawa ile ni ndugu wa tumbo moja na unga wanaovuta vijana wa Manzese na Kinondoni. Yeye alikuwa na mpwa wake, Muhannad, mtoto wa dada yake, kijana aliyehifadhi juzuu kumi. Leo hii ameuza masufuria ya mama yake, ameuza mpaka mlango wa choo.

— Mlango wa choo, Hakimu alirudia. Dada yangu anajisitiri kwa gunia. Sasa nyie mnataka serikali iache kufuli wazi? Ukimfungulia mgonjwa mmoja, nyuma yake wanaingia wezi kumi.

Kizibo alimchukia mzee yule kwa muda wa funda moja la kahawa, kisha akashindwa kuendelea kumchukia. Alimfahamu Muhannad. Aliwahi kumuona amesimama juani, amepinda kiuno, usingizi umemchukua wima. Kufuli ile ilikuwa na sababu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa mtu hupata nafuu akiwa na wa kumlaumu.

Kisha Redio alitoa nadharia yake, na ndiyo iliyochekwa kuliko zote. Alisema alisikia kwenye idhaa ya nje, usiku, masafa mafupi, kwamba iko ofisi moja huko Ulaya yenye orodha ya nchi zote duniani. Kila nchi inapeleka makadirio: mwaka kesho tutahitaji kilo kadhaa. Ofisi inaandika, na ukishaandikiwa hutengenezi wala huagizi zaidi ya hapo.

— Wazungu wakae Ulaya wapime maumivu ya Tandika? Ruksa alisema. Kwa rula au kwa pishi?

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Redio alijibu. Ndio huo ulimwengu unatufunza kipimo.

— Methali hiyo haihusiani kabisa, Hakimu alisema.

— Itahusiana mbele ya safari.

Wakacheka mpaka Mzee Mwishehe akasita kumimina. Kizibo peke yake alijua kwamba Redio, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, amesema kweli. Aliiona karatasi ya mlangoni, na chini ya ile namba palitajwa ofisi ya huko nje. Ila ukweli ukishachekwa kijiweni, kuutetea ni kazi ya mtu mwenye nafasi, na yeye hakuwa na nafasi siku hiyo.

Ruksa alirudi kwenye anachokijua. Makadirio, alisema, ni mgawo kwa jina la kizungu, na mgawo yeye ameufanyia kazi. Hakimu akadakia kwamba kweli ameufanyia kazi, na hapo ikabidi hadithi ya sukari isimuliwe upya, ingawa kila mmoja aliijua. Mwaka themanini na nne, sukari ikigawiwa kwa vichwa kwenye duka lilelile lililokuwa nyuma ya migongo yao, Ruksa alikuwa na watoto watatu, akaandikisha kumi na mmoja. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuhakiki, Ruksa aliazima watoto wa majirani, akawapanga ukumbini kwa vimo. Wa tisa alipoulizwa jina lake alisahau kapewa lipi, akaanza kulia. Marehemu baba yake Ruksa naye aliendelea kupata sukari yake miaka minne baada ya kuzikwa.

— Ungesema ukweli ungekunywa chai ya chumvi, Ruksa alijitetea. Na wewe Hakimu ulimwandikisha shangazi yako wa Muskati.

— Alikuwa njiani anakuja, Hakimu alisema.

— Kizibo je? Ruksa aliendelea. Wajomba wanne, wote vipofu.

Kizibo alikiri. Mtaa mzima uliandikisha watu, na hakuna aliyeona haya. Balozi mwenyewe alikuwa na mapacha ambao mkewe hakuwahi kuwabeba.

Wakati huo kulikuwa na mtu mwingine mwishoni mwa benchi. Jina lake Fransis, mpangaji mpya nyumba ya tatu, alikuwa na wiki moja tangu atoke Songea. Alifika, akamwamkia Hakimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa pasipo na mwenyewe, kikombe chake kimepoa kwa kuwasikiliza. Alikohoa kama mwanafunzi anayeomba kwenda haja.

— Samahani wazee wangu. Huyu kaka amesema wanapeleka makadirio. Wanayapata wapi?

— Hospitali, Redio alisema. Wanatazama daftari. Mwaka jana walioandikwa ni wangapi, walitumia kiasi gani. Basi mwaka unaofuata mnapewa hivyohivyo, na nyongeza kidogo.

— Kule kwetu mahindi ya njaa yalikuwa hivyo, Fransis alisema. Walipewa waliojiandikisha. Basi mwaka jana, hapa mtaani, nani alikwenda kusema ana mgonjwa?

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia ya sokoni. Redio alitafuta methali akakosa. Hakimu alitazama viatu vyake.

Kizibo aliukumbuka mwaka jana wote, mwezi kwa mwezi. Mama yake aliposhika uvimbe kwa mara ya kwanza alimuapisha asimwambie mtu, maana maneno ya watu anayajua: fulani kalogwa, fulani kaoza, msile kwake. Basi wakasema ni presha. Walifunga mlango wa chumba, wakachemsha mwarobaini, wakanunua panadol dukani kwa Hakimu, kila mara vidonge vichache ili asiulize. Mwaka mzima aliumwa chumbani bila daktari kumjua, na hospitali alipelekwa mwezi wa sita mwaka huu, aliposhindwa kuinua mkono. Kwa hiyo mwaka jana Tandika haikuwa na Bi Mwanaheri. Ile namba ya mlangoni, aliyoipita kila asubuhi akiilaani serikali, yeye alichangia kuifanya iwe ndogo.

— Dada yangu Mwajabu, Ruksa alisema.

Wote walimtazama. Walimzika Mwajabu mwezi wa tatu, wao ndio waliobeba jeneza.

— Tuliwaambia malaria. Haikuwa malaria. Ni ugonjwa wa kike, kule ndani. Miezi minane. Tulikuwa tunafungulia kaseti ya taarabu kwa sauti ili nyie msimsikie.

Hakuna aliyesema pole, kwa kuwa pole walishaitoa mwezi wa tatu, kwa ugonjwa mwingine. Redio alikumbuka, bila shaka, kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza ile redio kaseti mara mbili na kuwasifu kwa kupenda muziki. Alifunika mdomo kwa kiganja. Mzee Mwishehe aliinamisha birika, likatoa funda moja la machicha, akalimimina chini.

— Kahawa imekwisha, alisema, ila hakuna aliyeinuka.

Kizibo aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

— Mama yangu si presha. Ni titi, limefika kwapani. Leo nimekwenda kuchukua mofini nimeambiwa Januari.

— Bi Mwanaheri? Hakimu alisema. Juzi si nilimpelekea tende, akanisemesha dirishani, anacheka?

— Ulipoondoka alilia mpaka isha.

Hakimu alikuwa amesema mengi juu ya kufuli, na hakuyafuta. Hakuwa mtu wa kufuta. Lakini alitia mkono mfukoni akatoa kalamu anayoandikia madeni ya dukani, akapasua ganda la pakiti ya sigara ya Ruksa, akaliweka gotini upande mweupe juu.

— Sista wako wa hospitali ataipokea karatasi?

— Nitampelekea mimi. Akiikataa nitarudi nayo tena.

— Ruksa. Mwajabu binti nani?

— Amekwisha kufa, Ami Hakimu.

— Mwaka jana alikuwa hai. Aandikwe alipostahili kuandikwa.

Ruksa alilitaja jina la baba yao, yule wa sukari, na safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyefundishwa kuanzia kulia. Kisha alimgeukia Kizibo.

— Mwanaheri binti Kombo, Kizibo alisema. Miaka sitini na moja.

Redio alikuwa akilitazama lile ganda kwa wasiwasi, kama fundi aliyeona waya umeunganishwa pasipo pake. Alimwinamia Kizibo, akasema taratibu, ili mgeni Fransis asisikie.

— Kaka, hiyo itaingia kwenye hesabu za mwakani. Mwaka huu haiwezi kumfaa. Na mwakani mama...

— Najua, Kizibo alisema. Andika, Ami.