Kitenzi Alichokichagua Bi Taratibu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni mtoto wa kwanza wa kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha ya shangazi yetu, ambaye mahakamani alijulikana zaidi kwa jina la Bi Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na kwa kuwa baba yao aliwaacha wangali wadogo, kaka yake alikatiza masomo akaingia kiwanda cha sabuni kubeba magunia ya magadi ili dada mtu aendelee na shule, naye hakumwangusha, akamaliza sekondari mwaka 1975 na chuo cha ukalimani mwaka 1979, huku kaka yake akiwatania watu kwamba dada yake amekula kamusi na sasa kazi yake ni kucheua Kiingereza.

Mwaka 1981 aliajiriwa mahakamani kuwa mkalimani, na jina la Bi Taratibu alilipata huko, maana shahidi akimaliza kusema, yeye alinyamaza kidogo kabla ya kufungua kinywa, mawakili wakatazama saa zao, naye akiulizwa alijibu kwamba mpishi akikosea chumvi watu hula wakinuna, lakini mkalimani akikosea neno mtu hulala ndani.

Tarehe 9 Agosti 1988 boila la kiwanda cha sabuni lilipasuka likaua wafanyakazi wawili, na wakati huo kaka yake alikuwa amepanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, hivyo fundi wa boila alipoeleza kwamba alikuwa amemwonya msimamizi huyo kuhusu valvu ya usalama, ile ya kutoa mvuke unapozidi, na msimamizi akakana, ikaundwa tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa jaji mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, na mkalimani aliyepatikana akawa ni Bi Taratibu peke yake. Alisimama siku ya kwanza akatamka mbele ya wote kwamba msimamizi ni kaka yake wa tumbo moja, akaomba aondolewe, lakini pande zote mbili zilisema zinamwamini, akarudi kuketi na mzigo wake.

Jioni ya kuamkia ushahidi wa fundi, kaka yake alimkuta akipiga pasi gauni la kazini, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Sikuombi useme uongo," alimwambia. "Wakili ameniambia Kiingereza kina maneno mengi ya mtu kusema jambo lake. Lipo moja jepesi. Mpe fundi hilo."

Hakuwa na haja ya kuuliza ni lipi, alilijua, ni "claim", neno linaloeleza kwamba mtu amesema huku likimkonyeza msikilizaji asiamini, na alijua pia ni nani aliyebeba magunia ili yeye alijue neno hilo, kwa hiyo aliinua pasi isije ikaunguza nguo, akamuuliza swali moja tu.

"Kaka, alikuambia au hakukuambia?"

Kaka yake aliitazama pasi, akasema hakuambiwa, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake chumba kilijaa hadi kwenye madirisha, wakili wa kiwanda akambana fundi kwa maswali yale yale akiyageuza huku na huku, akimtaka akiri kwamba ameibuni hadithi ili kuokoa kichwa chake, hadi fundi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kusema, "Nilimwambia valvu imekwama. Nashikilia hapo hapo."

Bi Taratibu alinyamaza, na safari hii alinyamaza hadi mwenyekiti akainua kichwa. Kaka yake alikuwa safu ya mbele, akimtazama mdomo. Baadaye alimsimulia mumewe jinsi maneno yalivyompita moja moja, "claim" lingemvua fundi nguo hadharani, "insist" lingemfanya aonekane mkaidi tu, "swear" lingempa kiapo ambacho hakukitamka wakati ule, na "say" lingeiacha mikono yake nje ya sentensi, ile mikono iliyokuwa imeng'ang'ania meza. Akafungua kinywa akasema, "I maintain that I told him the valve was stuck."

Wakili alisimama upesi akalalamika kwamba shahidi anadai tu, na kwamba mkalimani amempamba. Mwenyekiti akamgeukia. Bi Taratibu alimjibu kwa Kiingereza, kisha akalirudia jibu lake kwa Kiswahili ili hata waliosimama nje wasikie.

"Hakudai. Ameshikilia."

Neno likabaki. Tume ilimwamini fundi, kaka akafukuzwa kazi, mahakama ikamfunga mwaka mmoja, na alipotoka alisema hana dada.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 3 Machi 1990 na mpimaji wa ardhi, ambaye tuko naye hapa, na kiti cha kaka yake siku hiyo kilikaa kitupu mbele ya macho ya watu, kisha wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1991 na wa kiume mwaka 1994, ambao walikua wakituona sisi binamu zao ng'ambo ya barabara, kila upande ukiwa umekatazwa kuvuka. Mumewe anaeleza kwamba mara nyingine alimkuta jikoni amesimama, sufuria inaungua, akijiuliza kama amemfunga kaka yake kwa kitenzi kimoja, kwa sababu yeye alikuwa na hakika ya neno tu, si ya jambo, hakuwahi kujua nani kati ya wale wawili alisema kweli.

Alistaafu mwaka 2012, moyo ukaanza kumsumbua mwaka 2017, na mwezi Machi 2019 alipolazwa, baba yangu aliingia wodini akitembelea mkongojo, akaketi kando ya kitanda bila salamu.

"Aliniambia," alisema. "Asubuhi, getini. Niliogopa kusimamisha mitambo, nikamwambia tutaangalia kesho."

Shangazi alinyamaza kama kawaida yake, machozi yakimtiririka hadi masikioni, kisha akasema, "Sasa mbona umechelewa hivyo, kaka? Chai yangu imepoa. Nishikie kikombe."

Akamshikia, na tangu siku hiyo alimshikia kila alipoweza, hadi asubuhi ya tarehe 2 Juni 2019 alipofumba macho, kaka yake na mumewe wakiwa kila mmoja upande wake. Baba ameketi hapa mbele, na ndiye aliyetaka haya yasomwe yote, mbele ya familia za wale wawili waliokufa kiwandani, wala nisibadilishe neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kulala nasi, wakalimani wenzake waliolibeba jeneza, na fundi wa boila, mzee wetu, aliyefika leo akakubali kuketi kiti cha pili kutoka kwa baba. Shangazi, umesema ya wengine vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.